Vidonge 30 vimedumu siku 40? Mfamasia aulize

Kama unatumia levothairoksini kwa sababu tezi ya shingoni, yaani thairoidi, haitoi homoni ya kutosha, huenda daktari unamwona mara chache kwa mwaka. Mfamasia unamwona kila dawa inapokwisha. Yeye ndiye anayeweza kugundua mapema kwamba vidonge 30 vya kila siku vimekuchukua siku 40.

Hilo si jambo dogo. Dawa hii hutoka mwilini polepole, hivyo ukiruka siku mbili huenda usihisi chochote. Uchovu na kusikia baridi hurudi taratibu. Kipimo cha damu kikija kibaya, daktari asiyejua unaruka dawa anaweza kukuongezea dozi usiyoihitaji, na dozi ikizidi moyo huenda mbio.

Kuandika "1x1" kwenye bahasha hakutoshi. Mfamasia akuulize unameza saa ngapi, na pamoja na nini. Meza kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vipishane nayo kwa saa 4.

Asipouliza, anza wewe. Ukisahau, sema ukweli.