Nduthi ya Guka Inaweza Kufufuka, Lakini Logbuku Iko Wapi?

Kila boma la ocha liko na moja. Imeegemezwa nyuma ya stoo, kuku wanalalia kiti, tangi limefunikwa na gunia. Ukipangusa vumbi unapata jina: Yamaha DT, Suzuki TF, Honda XL. Hizi ndizo nduthi zilizokuwa zinabeba afisa wa kilimo, daktari wa ng'ombe, padri na chifu miaka ya 70 na 80, wakati bodaboda ilikuwa bado ni baiskeli ya kuvusha watu mpaka wa Busia. Sasa wewe umeiona, umepiga picha, umeweka kwa status, na tayari unauliza watu bei ya pistoni.

Tulia kwanza. Kabla ushike spana, uliza wazee swali moja: logbuku iko wapi, na imeandikwa jina la nani?

Hilo swali limekuwa moto hivi karibuni. Mwaka 2025 NTSA na Wizara ya Uchukuzi walizungusha rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari ili wananchi watoe maoni. Kitu iliwachoma wengi ni kwamba hata gari la kibinafsi, likishapita miaka 4 tangu litengenezwe, litakuwa la kupelekwa ukaguzi. Wenye Vitz na Demio walipiga kelele, na walikuwa na haki yao. Lakini katika hizo kelele zote sikusikia mtu akimtaja msee wa nduthi ya 1979. Na kwa Traffic Act, "gari" ni chombo chochote cha barabarani kinachoendeshwa na mtambo, isipokuwa vile vya reli. Kwa hivyo nduthi pia ni gari, usijidanganye eti hiyo stori haikuhusu.

Mkaguzi haanzi na breki. Anaanza na namba. Anasoma namba ya chesisi, anasoma namba ya injini, halafu anaangalia kama zinafanana na rekodi. Sasa fikiria nduthi iliyoishi miaka 40 kwa mafundi wa kijijini. Injini ilikufa 1991, fundi akatoa ingine kwa nduthi iliyogonga mti, maisha ikaendelea. Hakuna aliyeenda kuandikisha, maana nani angesafiri mpaka Nairobi kwa sababu ya injini ya DT? Leo hiyo nduthi inaweza kuwa na breki kali kuliko Boxer yoyote hapo steji, na bado ianguke mtihani kwa sababu ya namba tu.

Rekodi zenyewe zimehamahama. Kabla ya NTSA kuanzishwa na sheria ya 2012, usajili wa magari ulikuwa chini ya KRA. Baadaye ukaingia mtandaoni kwa TIMS, na sasa uko eCitizen. Gari lililokuwa linauzwa na kununuliwa wakati huo wote lilihama na mfumo, kwa sababu mwenyewe alikuwa analisukuma. Nduthi iliyolala stoo haikuwa na mtu wa kuisukuma. Jina kwa karatasi ni la guka, guka hana akaunti ya eCitizen, na mara nyingi guka mwenyewe tulishamzika.

Hapo ndio ngori inaanza. Kama mwenyewe yuko hai, kazi ni rahisi hata kama inachosha: anafunguliwa akaunti, anaanzisha uhamisho, wewe unakubali kwa akaunti yako, unalipa, basi. Logbuku ikiwa imepotea, unaripoti kwa polisi upate abstrakti, halafu mwenyewe anaomba nakala nyingine. Lakini kama ameaga, hiyo nduthi ni mali ya marehemu kama vile shamba. Inaingia chini ya Sheria ya Urithi, na familia inafaa kuwa na barua za usimamizi wa mali kutoka kotini. Mjomba akikuambia "chukua tu, ni yako," anakupatia chuma. Kisheria hajakupatia nduthi. Na siku utaimaliza ing'ae, wale binamu hawakuitaka ikiwa na kuku juu watakumbuka ghafla kuwa guka aliwapenda pia.

Kuna wale walinunua kwa mnada wa serikali. Nduthi nyingi za maafisa zilikuwa na namba za GK, na zikipigwa mnada lazima zitoke kwa GK zisajiliwe upya kama za raia. Ukipata moja bado iko na GK na muuzaji hana karatasi ya mnada, wewe hepa. Karao wa kwanza utakutana naye atakuuliza umeiba wizara gani.

Na usifikirie utaruka hii yote kwa kuagiza safi kutoka nje. Kila mtu aliyewahi kununua gari la Japan anajua sheria ya KEBS ya miaka 8. Kwa msee wa kawaida, zile ziko hapa nchini ndizo ziko. Na zinapungua, maana kila mtaa kuna mwenye mizani ya vyuma kuukuu. Mnakumbuka Januari 2022, baada ya nchi kuingia giza na ikasemekana milingoti ya stima imeharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma kuukuu. Miezi michache baadaye ikafunguliwa. Sheria ya 2015 inataka dila wa vyuma awe na leseni, lakini kijana ameshikwa na shida haulizi leseni. Nduthi bila logbuku haiuziki kama nduthi, kwa hivyo inauzwa kwa kilo. Watu husema kutu ndiyo huua hizi mashine. Kwa maoni yangu, karatasi imemaliza nyingi kuliko kutu.

Kwa sababu kutu, kusema ukweli, inatibika jikoni.

Chukua tangi. Ndani kumejaa unga mwekundu na petroli imegeuka kama gundi. Magadi ileile mathe hutia kwa maharagwe yaive haraka, ile inatoka Ziwa Magadi, ukiikoroga kwa maji inapitisha stima vizuri. Jaza tangi na hayo maji, ning'iniza ndani kipande cha chuma cha kawaida bila kugusa tangi, halafu unganisha chaja ya betri: hasi kwa tangi, chanya kwa hicho kipande. Kutu inaachilia yenyewe. Usitumie chuma kisichoshika kutu, maana kinatoa sumu kwa maji. Na fanya nje, hakuna sigara, zima chaja kabla ya kutoa waya, kwa sababu zile povu ni haidrojeni na tangi lilikuwa na petroli juzi.

Vile vidude vidogo, spoki, boliti, stendi, nenda agrovet ununue molasi ya ng'ombe. Sehemu 1 kwa 9 za maji, loweka wiki 2 au 3, halafu sugua na brashi. Inanuka vibaya na majirani watauliza kama unapika chang'aa, lakini inafanya kazi. Usiingize kabureta ama kitu chochote cha aluminiamu humo. Kitaliwa.

Sasa injini, na hapa ndipo wengi wanaliwa doh mara mbili. DT na TF za zamani ni zile zinachoma oili pamoja na petroli, mafundi wanaziita tustroki. Krenki yake iko na sili za raba pande zote mbili. Nduthi ikilala miaka 20, hizo sili zinakauka na kupasuka. Unasafisha kabureta, unaweka plagi mpya, unapiga kiki mara 10, inanguruma, mtaa mzima unakuja kuona. Lakini kupitia ile sili imepasuka injini inavuta hewa ambayo haikupita kwa kabureta. Mchanganyiko unakuwa hewa nyingi petroli kidogo, moto unapanda, na ukifika kilomita 10 hivi pistoni inaweza kushikana na silinda. Tairi ya nyuma inajifunga ukiwa kwa spidi, halafu hapo unaomba Mungu. Sili za krenki ni kitu kidogo tu kwa bei ukilinganisha na silinda. Badilisha kabla ya sherehe.

Halafu kuna pampu ya oili. Hizi Yamaha ziko na tangi dogo la oili na pampu inayolisha injini yenyewe. Ikikaa kavu inaingia hewa. Mpaka uitoe hewa na uhakikishe oili inafika, changanya mwenyewe kwa tangi, kama mililita 30 kwa kila lita ya petroli. Ni kawaida tu, msee wa pawasoo anajua hiyo lugha.

Ukipeleka silinda kuboa, uliza kwanza imeboliwa mara ngapi. Pistoni kubwa huja kwa hatua za milimita 0.25, na kwa kawaida mwisho ni 1.00. Kama fundi wa zamani alishafika mwisho, sasa unahitaji slivu, na bajeti imebadilika. Na kwa kutoa flaiwili tumia pula yake. Nyundo imeua krenki nyingi kuliko ajali.

Breki ni dramu, rahisi, lakini usipulize vumbi lake na mdomo ama kompresa. Breki za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Pangusa na kitambaa chenye maji, tupa hicho kitambaa, weka breki mpya. Tairi nazo, angalia alama ya tarehe ubavuni baada ya herufi DOT. Namba 4 maana yake ni wiki na mwaka. Namba 3 peke yake maana yake ilitengenezwa kabla ya 2000, hata kama meno bado yako safi na muuzaji anaapa kwa mama yake.

Stima: nyingi za hizi ni volti 6. Duka la bodaboda litakuuzia balbu ya volti 12 na usiku taa itakuwa kama mshumaa. Tafuta ya volti 6, ama ugeuze mfumo wote. Cheni angalau haina stress, saizi 428 iko kila mahali, hata steji ya Kirinyaga Road usiku.

Kama ndoto yako ni kusimama Ngong Racecourse kwa Africa Concours d'Elegance, ile imekuwako tangu 1970 na iko na madaraja ya pikipiki, basi rangi na boliti za asili zitakusumbua. Mimi nadhani wengi wetu tunataka tu ifike Limuru na kurudi, kwa hivyo weka pesa kwa breki na tairi kabla ya kromu.

Turudi kwa serikali. Uingereza, tangu Mei 2018, chombo kilichozidi miaka 40 na hakijabadilishwa sana hakilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mwenyewe bado anawajibika kiwe salama. Kuna wasee wanataka tuige hiyo. Mimi sitaki. Barabara zetu zinaua wanaoendesha nduthi kila wiki, na breki ya 1979 inafaa kuangaliwa na mtu mwenye macho. Wacha ikaguliwe. Lakini NTSA ifungue mlango kwa upande wa namba: dirisha la muda ambapo mwenye nduthi ya zamani anakuja na afidaviti, barua ya chifu na abstrakti ya polisi, DCI wanathibitisha hiyo injini haikuibiwa, rekodi inarekebishwa, mambo yanaisha. Sasa hivi mtu mwaminifu mwenye injini tofauti na mwizi wa injini wanapanga laini moja, na mwizi ndiye mwenye pesa ya kuruka laini.

Mpaka hiyo siku ifike, fanya yenye unaweza. Guka akiwa bado anapumua, mtembelee wikendi hii na simu yenye bando. Piga picha ya namba ya chesisi na ya injini kabla ya kupiga rangi, maana rangi nene na sandapepa zimefuta namba za watu wengi halafu wakaonekana wezi. Sheria inakupa siku 14 baada ya kununua kubadilisha jina, baada ya hapo hufai kuwa nayo barabarani. Bima ya watu wengine ni lazima hata kama unaenda tu dukani. Leseni iwe ya daraja la pikipiki, helmeti kichwani, jaketi ya kung'aa mwilini. Karao hajali kwamba ni klasiki.

Na siku ya kwanza usiende Naivasha. Zunguka mtaa kilomita 2, rudi, wacha ipoe, fungua plagi uiangalie. Ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, uko sawa, ongeza umbali kidogo kidogo. Ikiwa nyeusi na imelowa, kuna petroli ama oili nyingi, utarekebisha na kabureta ama na pampu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, usiiwashe tena, hata kama marafiki wamesimama hapo na simu. Kuna hewa inaingia mahali, na wewe bado hujaipata.