Nani Kasema Mbwa Mgonjwa Hauguzwi?

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja, jina lake nalihifadhi, aliwatangazia waumini wa Muleba kwamba anayemnunulia mbwa dawa wakati jirani hana sukari amepotoka, na kwamba kukesha na mnyama ni mambo ya Wazungu. Kanisa zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa Kagoma, ambaye kila mtu pale anajua anamuuguza mbwa wake, akainamisha kichwa.

Mambo ya Wazungu! Kwani Tobia alikuwa Mzungu? Wakatoliki wenzangu, fungueni kitabu cha Tobiti: mbwa yumo safarini pamoja na kijana na malaika Rafaeli. Na Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki kwa kujali uhai wa mnyama wake. Haikusema mnyama wa maziwa.

Maziwa ndiyo yanayotupofusha. Ng'ombe wa kisasa akishikwa na ndigana kali, nyumba nzima hailali. Bwana mifugo anapigiwa simu usiku wa manane, bodaboda inatumwa Bukoba kufuata dawa, watoto wanambembeleza kwa majani mabichi, na mhubiri anaalikwa kuliombea banda. Hacheki mtu. Mbwa wa nyumba hiyohiyo akianza kuhara damu, anafunguliwa mnyororo akafie mbele ya safari.

Sasa nijibuni: kibanja chenu analinda nani? Kahawa ikianikwa, mikungu ikikomaa, nani anakesha nje kwenye mvua wakati ninyi mmejifunika blanketi? Hana mkataba, hana likizo, posho yake ni ukoko wa sufuria. Walimu wakicheleweshewa malimbikizo tunapiga kelele, tena kwa haki. Mkulima akikatwa makato ya kahawa asiyoyaelewa, tunapiga kelele. Mbwa anadai mshahara wa miaka. Dawa ni malimbikizo yake. Lipeni!

Kuna mzee aliniambia eti mbwa hana roho. Mgomba unayo? Mnyauko ulipobainika Muleba mwaka 2006, watu wazima waliomboleza vibanjani, na sikumsikia mzee huyo akiwauliza habari za roho.

Mwingine akaja na kichaa cha mbwa. Hilo ni jambo jingine kabisa: dalili zikishajitokeza hakuna tiba, hakuna kuuguza, kaa mbali, mwite bwana mifugo. Lakini wanaopenda kututisha kwa kichaa ndio haohao ambao siku ya chanjo mbwa wao wanabaki nyumbani.

Kinachonikera zaidi ni kuua kwa ujinga. Umewahi kumwona mbwa mwenye uvimbe unaotoa damu sehemu za siri. Mtaani hukumu inatoka papo hapo: laana, apigwe mawe. Ule ni uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa wanapopandana, na mara nyingi unapona kwa sindano ya vinkristini, moja kila wiki kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo hutokana na ua la pinki lenye asili ya Madagaska, na watoto wenye saratani ya damu hutibiwa nayo pia. Tunampiga mawe mgonjwa anayeweza kupona, kisha wezi wakija tunalaumu polisi.

Najua kuuguza kunachosha. Unamnywesha maji yenye chumvi na sukari kidogokidogo kwa bomba la sindano, anayatapika, unaanza upya. Unamgeuza ubavu asipate vidonda, unafua magunia anayolalia, unahesabu hela ya ada. Hayo mtu huyamudu. Kinachommaliza ni jirani anayechungulia uani na kuuliza, "Bado hajafa tu?" Mama wa Kagoma nasikia anamhudumia wake usiku, asionekane, kana kwamba ameiba.

Na ikiwa mnyama hawezi kupona na anateseka, daktari wa mifugo anayo sindano ya kumlaza bila maumivu asiamke tena. Kumpa sindano hiyo nako ni kumuuguza. Gunia na kamba siyo. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Ukitupa maganda ya ndizi barabarani mgambo anakudaka akuandikie faini. Ukitupa gunia lenye mbwa anayepumua, huyohuyo mgambo atakusaidia kulibeba.