Kolesteroli ya Kurithi Si Adhabu ya Ulafi

Wahenga walinena kwamba dobi halaumiwi, kaniki ndiyo rangi yake. Usemi huu wastahili kukumbukwa kila tumwonapo mgonjwa wa moyo, tukaharakisha kumhukumu kuwa ameponzwa na tumbo lake.

Ni kweli kuwa ulaji wa mafuta kupita kiasi hudhuru. Hata hivyo, wapo watu wanaozaliwa na maumbile ya kuwa na kolesteroli nyingi damuni, hata wakila kwa uangalifu mkubwa. Inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani ana hitilafu hii, naye huirithi kwa baba au mama.

Kolesteroli ni mafuta, na mafuta hayachangamani na maji. Kwa sababu hiyo husafiri damuni ndani ya chembe ziitwazo lipoproteini, zilizoundwa kwa mafuta na protini. Zipo za aina kadhaa. Zile za HDL zina protini takriban nusu ya uzito wake, nazo husaidia kurejesha kolesteroli ya ziada kwenye ini. Zile za LDL zina protini kiasi cha robo tu, na karibu nusu ya uzito wake ni kolesteroli. Hizi ndizo zinazohofiwa.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waligundua kwamba seli zina vipokezi vinavyozinasa chembe za LDL na kuziondoa damuni. Uvumbuzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1985. Mtu aliyerithi jeni moja yenye kasoro hubaki na takriban nusu ya vipokezi vinavyofanya kazi. Basi LDL hukawia damuni, hurundikana, na hatimaye huziba mishipa ya moyo mwenyewe angali kijana.

Je, walimu wetu wana jukumu gani hapa? Mwalimu wa biolojia afunzapo urithi hukimbilia njegere za Mendel. Sioni sababu ya kutoutaja ugonjwa huu pia. Huenda darasani mna mwanafunzi aliyefiwa na babake na ami zake kabla hawajafika miaka 50, na majirani wananong'ona kwamba ukoo huo umelaaniwa. Mwanafunzi huyo akifahamu kuwa kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, atataka damu yake ipimwe, pamoja na ya ndugu zake. Dawa za kupunguza kolesteroli hiyo zipo, zikiwemo statini, zilizotokana na utafiti wa Mjapani Akira Endo.

Ulafi na ukemewe panapostahili. Lakini asiye na hatia asitwikwe lawama, ilhali anachohitaji ni kupimwa na kutibiwa mapema.