Nimonia Si Baridi Tu

Mtoto akikohoa mtaani utasikia, "Ni baridi tu, mvalishe sweta." Mimi napinga. Nimonia huletwa na vijidudu, na kimoja kilicho hatari sana huitwa nimokokasi. Hukaa puani na kooni, hata mwa mtu asiyeumwa, kisha huenezwa kwa kikohozi na chafya. Sweta haiwezi kukizuia.

Mwaka wa 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo yake. Hudungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mbona basi wengine waishie sindano ya kwanza? Hata hivyo, chanjo haizuii kila aina ya nimonia, kwa hivyo lazima tuwe macho.

Sisi wa shule ya kutwa tuna nafasi wasiyo nayo wenzetu wa bweni: kila jioni tunawabeba wadogo wetu. Hebu tujifunze kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, apelekwe zahanati. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msingoje kuche.

Eti hiyo ni kazi ya daktari? Daktari hayuko kwenu saa tatu usiku. Wewe upo, na saa ya mkononi yatosha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.