Tuache kuyaonea haya majitaka

Wahenga walipotuambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, hawakuwa wakizungumzia maji. Walikuwa wakitutahadharisha juu ya ndimi zetu na pupa zetu. Sisi wa zama hizi, hata hivyo, tumeishika methali ile kwa maana yake ya juujuu, tukaamini kwamba maji yakishapita bafuni, jikoni au msalani yamekwisha kazi, na kwamba mtu mwenye heshima zake hana haja ya kuuliza yameelekea wapi. Leo nataka kuuliza swali hilo, na ningependa walimu na wanafunzi wanisaidie kulijibu, kwa kuwa jibu lake limo katika vitabu vya jiografia na sayansi wanavyovifungua kila siku.

Tuanze na jiografia. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Yakishatumiwa, yale yaliyobahatika kuingia katika mabomba ya majitaka husafiri hadi Ruai, mashariki mwa jiji, kwenye mabwawa makubwa ya kusafishia yanayojulikana kwa jina la Dandora. Yakitoka hapo humiminwa katika Mto Nairobi. Yale yasiyobahatika hayangoji safari hiyo. Huingia mtoni moja kwa moja kupitia mitaro ya mitaa isiyokuwa na mabomba. Mto Nairobi nao huingia Mto Athi. Athi hupita Ukambani, hukutana na Mto Tsavo ukabadili jina na kuitwa Galana, ukaendelea kuteremka hadi ukaitwa Sabaki, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na mji wa Malindi. Kabla haujafika huko, kandokando yake mahali paitwapo Baricho, pamechimbwa visima ambavyo maji yake hupelekwa Malindi, Kilifi na hata Mombasa.

Msomaji, hebu ifuate njia hiyo tena kwa kidole juu ya ramani. Ni kweli kwamba mto husafisha maji kiasi fulani safarini, kwamba mito mingine huongeza maji yake, na kwamba mchanga wa Baricho huyachuja kabla hayajaingia visimani. Sisemi haya ili kumtia mtu wa Pwani hofu ya bilauri yake. Ninalosema ni kwamba baadhi ya maji anayokunywa, hata yakiwa machache namna gani, yamkini yaliwahi kupita katika beseni la mtu wa Nairobi. Na katikati ya njia wapo watu wa Machakos, Makueni na Kitui wanaochota mtoni bila mchanga wa kuwachujia. Ndiyo maana ujenzi wa bwawa la Thwake, ulioanza mwaka 2018 huko chini, ulizusha wasiwasi juu ya uchafu utakaoteremka kutoka jijini.

Kwa hivyo wale wanaobishana kama Wakenya wako tayari kutumia majitaka yaliyosafishwa wamechelewa. Tunayatumia tangu zamani. Tofauti ni kwamba tunayatumia kwa siri, bila kuyapima, na aliye chini ya mto hakuulizwa.

Watumiaji wa wazi pia wapo. Kwa miongo mingi, kandokando ya mito ya Nairobi na kwenye njia za mabomba makuu, wapo wakulima ambao huziba bomba makusudi ili majitaka yafurike na kuingia katika mashamba ya sukuma wiki, nduma na majani ya ng'ombe. Wakubwa wa afya huja mara kwa mara, huifyeka mimea na kuondoka; wakulima hurejea kabla ya juma kwisha. Wengi huwaona watu hawa kuwa wauaji. Mimi siwaoni hivyo. Wamegundua jambo ambalo wataalamu wetu hulisoma vyuoni na kuliacha humo, kwamba majitaka yana nitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ileile inayouzwa kwa gunia katika maduka ya pembejeo, na kwamba hayakauki hata mvua ikikosa kunyesha misimu mitano mfululizo, kama tulivyoshuhudia katika sehemu za nchi yetu kuanzia mwishoni mwa 2020.

Kosa lao ni kutumia majitaka mabichi, na kosa hilo ni kubwa. Maji hayo yana vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na yana mayai ya minyoo. Mkulima alimaye miguu mitupu huingiliwa na safura kupitia nyayo, na mlaji wa mboga asiyeiosha wala kuipika vyema hupata mchango. Fauka ya hayo, viwanda vikimimina kemikali zake katika mabomba yaleyale ya majumbani, risasi na metali nyingine nzito huingia udongoni, na hizo hazifi kwa jua wala kwa moto wa jikoni.

Hapa ndipo somo la sayansi linapohitajika. Kusafisha majitaka kwa ajili ya mimea si uchawi, na katika nchi yenye jua kama yetu hakuhitaji mitambo ya kutisha. Katika mabwawa kama yale ya Ruai, bwawa la kwanza huwa la kina kirefu lisilo na hewa; takataka nzito hutuama chini na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji oksijeni. La pili huwa pana zaidi. Humo mwani wa kijani hutoa oksijeni mchana, na bakteria wa aina nyingine huitumia kula uchafu uliobaki. Ya mwisho huwa ya kina kifupi, ili miali ya jua ipenye maji na kuua vijidudu. Katika majuma hayo yote mayai ya minyoo, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama na kubaki chini, lakini sehemu nzuri ya mbolea huendelea na safari. Mwalimu wa bayolojia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi usanidinuru ukifanya kazi ya maana hana haja ya kutafuta mbali.

Mabwawa hayo ya Ruai yalisanifiwa kusafisha takriban mita za ujazo 160,000 kwa siku. Ni lita milioni 160. Tuseme hayafanyi kazi yote yaliyosanifiwa, na tuseme tupate nusu tu ya kiasi hicho kikiwa kimesafishwa ipasavyo. Bado ni lita milioni 80 kila siku zinazorudishwa katika mto mchafu na kuchanganywa upya na takataka. Wakati huohuo tumechimba mahandaki milimani Murang'a kuvuta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati yaje Ndakaini, na wakazi wa huko wamelalamika, nami sishangai. Tunayaleta maji safi kutoka mbali na kuyatumia kuchanganyia saruji, kuoshea magari, kutuliza vumbi la barabara na kunyunyizia nyasi za mizunguko ya barabara. Kazi hizo nne hazihitaji maji ya kunywa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Jibu liko papa hapa Afrika. Mji wa Windhoek nchini Namibia umekuwa ukisafisha majitaka na kuyarudisha katika mabomba ya maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Mtambo wa zamani ulipozidiwa, mpya ulijengwa na kuanza kazi mwaka 2002, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Ni mji uliozungukwa na jangwa, usiokuwa na mto wa kudumu karibu, na haukuwa na anasa ya kuona kinyaa. Lakini jambo ninalotaka wanafunzi waliandike daftarini ni hili: Windhoek hutenganisha maji ya viwanda na ya majumbani tangu mwanzo. Bila kufanya hivyo, mitambo yote ile ingekuwa bure. Singapore nayo, iliyozindua maji yake ya aina hiyo mwaka 2003, huyapeleka hasa viwandani, na sehemu ndogo tu huingizwa katika mabwawa ya maji ya kunywa.

Sipendekezi kwamba tuanze kwa kunywa. Atakayeanza hapo atashindwa, kama walivyoshindwa viongozi wa mji wa Toowoomba nchini Australia mwaka 2006, wakati wapiga kura zaidi ya asilimia 60 walipoukataa mpango wa namna hiyo ilhali mji ulikuwa katika ukame mkali. Watu hawakatai maji kwa sababu ya kemia. Huyakataa kwa sababu ya yale wanayoyajua juu ya mahali yalikotoka, na kwa sababu hawamwamini anayewaambia kwamba ni salama.

Kwa ndugu zetu Waislamu swali hili lina uzito wa ziada, kwani linagusa tohara. Maji yaliyoingiwa na najisi yakabadilika rangi, harufu au ladha hayafai kwa udhu. Je, yakisafishwa mpaka yakarudia hali yake ya asili? Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu wa Saudi Arabia lililitazama suala hilo, likawasikiliza wataalamu, na kuamua kwamba maji ya namna hiyo, yakiondolewa uchafu wote hata pasibaki dalili yake katika rangi, ladha au harufu, yamekuwa tohara. Nataja hukumu hiyo si kwa kumfundisha shehe kazi yake, bali kwa kuwa inaonyesha kwamba kinyaa chetu kinaweza kuketi mezani pamoja na elimu na kuzungumza.

Pingamizi lililonisumbua zaidi sikulipata kwa mwanavyuoni wala mhandisi. Lilitolewa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu nilipokuwa nikifundisha mada hii. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hayo maji ya pili watapewa akina nani?" Darasa lilicheka, lakini yeye hakuwa akicheza. Alikuwa akitoka katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi. Hofu yake ilikuwa kwamba maji ya Ndakaini yataendelea kwenda kwenye nyumba zenye bustani, na yale ya Ruai yatapelekwa kwao, kisha waambiwe washukuru. Nilimjibu kwamba mpango wowote wa haki sharti uanzie upande wa pili: bustani, viwanja vya gofu, viwanda na majengo ya ghorofa ndivyo vipewe maji yaliyosafishwa, na maji ya Ndakaini yanayookolewa yaende katika mitaa isiyo na mabomba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haisemi maji hayo yapelekwe kwanza kwenye nyasi.

Shule zetu nazo zina la kujibu. Niliwahi kufundisha katika shule moja ya bweni, yenye wanafunzi mamia kadhaa, ambayo kila kiangazi ililipia malori ya maji kwa fedha zilizotengewa vitabu. Asubuhi ileile, maji ya kuogea ya mabweni yote yaliteremka katika mtaro wazi nyuma ya bwalo, yakafanya dimbwi la mbu. Miche ya miti iliyopandwa kwa sherehe na wageni waheshimiwa ilikauka hatua 30 kutoka kwenye dimbwi hilo. Maji ya bafu na ya kufulia si sawa na ya vyooni. Uchafu wake ni mwepesi. Yakipitishwa katika shimo la kutuamisha povu na mafuta, kisha katika kitalu cha kokoto na matete, yanatosha kabisa kwa miti na majani ya ng'ombe. Kwa mboga zinazoliwa mbichi nisingeyatumia bila kuyapima.

Naam, kupima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1989 kwamba maji ya kunyunyizia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi bakteria wa kinyesi 1,000 katika mililita 100, na yasizidi yai moja la minyoo katika lita moja. Mwongozo mpya wa mwaka 2006 uliongeza vizuizi vingine, kama kuacha kunyunyizia siku kadhaa kabla ya kuvuna na kuosha mboga kwa maji safi. Kenya nayo, katika Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka huohuo wa 2006, iliweka viwango vya majitaka yanayonyunyiziwa mimea. Sheria tunayo, basi. Nisichokiona ni ubao wowote, mahali popote kando ya Mto Nairobi au Athi, unaomwambia mkulima au mama mwenye mtungi kwamba maji ya juma hili yamepimwa na yako hivi.

Takwimu hizo hukusanywa kwa fedha za umma, na umma una haki ya kuziona. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la raia katika muda usiozidi siku 21. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuliandika ombi hilo pamoja na darasa lake juma hili: matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka katika mabwawa yaliyo karibu na shule yao, Ruai, Kisumu au kwingineko, kwa miezi 12 iliyopita. Barua rasmi imo katika silabasi. Wanafunzi waiandike, mwalimu aisahihishe, atie sahihi yake na kuituma, kisha darasa lianze kuhesabu siku.