Mzigo wa Amplifaya Haupimwi kwa Mkono

Mzigo wa mwenzio, walisema wazee wetu, ni kanda la usufi. Methali hii hunijia kila nitazamapo namna tunavyozibebesha redio zetu. Mtu hununua amplifaya iliyokusudiwa spika mbili. Msimu wa karafuu ukiwa mwema huongeza spika mbili nyingine, kisha sabufa, na zote huzifunga kwenye matundu yale yale. Amplifaya haisemi. Siku isemapo, husema kwa moshi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa harusini katika kijiji kimoja kisicho mbali na Wete. Kijana aliyepewa kazi ya muziki alikuwa amefunga spika nne katika amplifaya moja ya kukodi, mbili kila upande, kisha akaongeza nyingine mbili kila upande kwa ajili ya ukumbi wa wanawake. Tangu alasiri chombo kililia vizuri. Baada ya sala ya Isha, watu walipojaa na sauti ikapandishwa, harufu ya kuungua ilienea, moshi ukatoka, na muziki ukakatika. Bahati njema ilikuwa kwamba chombo hakikuwekwa karibu na makuti. Hasara ililipwa na kaka wa bibi harusi.

Nilipozungumza na kijana yule kesho yake, niligundua jambo lililonisumbua kuliko moshi ule. Kanuni ya Ohm aliijua. Aliisoma sekondari kwa Kiingereza, akaijibu katika mtihani, akafaulu. Ila hakupata hata mara moja kufikiri kwamba kanuni ile ilihusu nyaya alizozishika mkononi.

Kanuni hiyo, iliyochapishwa na Georg Simon Ohm wa Ujerumani mwaka 1827, yatuambia kwamba mkondo wa umeme hupatikana kwa kuigawa volteji kwa ukinzani. Spika nyingi za nyumbani zimeandikwa omu 4, 6 au 8. Tuchukue amplifaya itoayo volti 20 katika upande mmoja. Spika moja ya omu 8 huvuta ampea 2.5, nayo ni sawa na wati 50. Zikifungwa mbili sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeme hupata njia mbili za kupitia. Ukinzani hushuka hadi omu 4, na mkondo hufikia ampea 5. Zikiwa nne, ukinzani ni omu 2, mkondo ni ampea 10, na chombo hudaiwa wati 200. Hapa ndipo wengi wapoteapo, kwani kadiri hesabu ya omu ipunguavyo, ndivyo mzigo uongezekavyo. Ikiwa amplifaya imeandikwa nyuma yake kuwa isifungwe chini ya omu 4, basi transista zake zaweza kuungua. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wako watakaosema: "Mbona yangu ina spika nne na inalia hadi leo?" Jawabu ni kwamba sauti ikiwa ndogo volteji ni ndogo, na mkondo huwa mdogo vile vile. Hatari hungoja usiku wa harusi.

Dawa yake si ngumu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, hufanya omu 16. Jozi mbili za namna hiyo zikifungwa sambamba hurudi kuwa omu 8, na amplifaya hupumua. Yafaa spika hizo ziwe za aina moja. Sabufa yenye amplifaya yake ndani haiongezi mzigo, maadamu imeungwa kwa waya mwembamba wa mawimbi katika tundu lililowekwa kwa ajili yake. Isiyo na amplifaya yake huhesabiwa kuwa spika kama spika nyingine. Anayepima kwa mita asishangae kuona spika ya omu 8 ikionyesha karibu omu 6, kwa kuwa mita hupima kwa mkondo wa moja kwa moja. Na kabla ya kugusa waya wowote, chombo kizimwe na plagi ichomolewe.

Yapasa pia tujiulize twapata nini kwa mrundikano huu. Nguvu ya umeme ikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu; ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, huhitajika nguvu ya karibu mara kumi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba desibeli 80 zisisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Hivyo twaunguza chombo kwa faida ndogo, na masikio ya watoto wetu kwa hasara kubwa.

Kwa Pemba jambo hili lina uzito wa pekee. Kabla ya mwaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Tangu mwaka huo umeme huvushwa kutoka Tanga kwa waya ulazwao chini ya bahari. Umeme ulipoongezeka, vyombo viliongezeka. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya nyaya. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, nasi twatumia 230. Na fyuzi ikikatika, wapo waifungao kwa kipande cha waya, wakamwondoa mlinzi pekee aliyebaki mlangoni.

Ni maoni yangu kwamba kosa si la kijana wa Wete. Kosa ni letu sisi tulio katika ualimu, tulioitenga kanuni na fundi. Redio mbovu na spika mbili ziletwe darasani siku ile ile kanuni ya Ohm ifundishwapo, na ielezwe kwa Kiswahili mpaka ieleweke, hata kama mtihani utaandikwa kwa lugha nyingine. Chuo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji na shule za sekondari za Chake Chake, Wete na Mkoani zingeweza kukaribisha mafundi wa mitaani kwa siku moja tu kila muhula. Mafundi nao wangetufundisha mengi. Wauzaji nao watakiwe kubandika nyuma ya kila amplifaya maneno machache ya Kiswahili: omu ngapi, volti ngapi, spika ngapi.

Elimu iliyobaki katika daftari haizimi moto. Iliyo katika mkono wa fundi huuzuia usiwake.