Kiingereza cha Mdomoni Hakisomwi kwa Macho

Mwezi wa Novemba mwaka 2021, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba katika wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Watu wakacheka na kuuliza: hawa si waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni?

Mimi sikuona la kuchekesha. Ni mtu wa Pwani niliyekaa Kisii miaka mingi, na vijana wa huku na wa Nyamira nawajua. Ni wasomi, tena wana bidii. Lakini wengi hujifungia chumbani na vitabu vya mtihani wa IELTS, wakakariri majibu neno kwa neno. Hapo ndipo wanapopotea.

Sehemu ya kuzungumza ya mtihani huo huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini. Kwanza mtu huulizwa habari za maisha yake. Kisha hupewa mada, akapata dakika moja ya kufikiri, na hadi dakika mbili za kusema peke yake. Mwisho hujadiliana na mtahini. Hupimwa ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi. Muuguzi atakaye kazi Uingereza hutakiwa apate alama 7 kati ya 9. Swali likigeuzwa kidogo tu, aliyekariri hubaki kinywa wazi.

Lawama yote si yao. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4, maarifa ya kuzungumza Kiingereza yametahiniwa kwa karatasi na kalamu! Mtu atajifunzaje kuogelea ufukweni?

Sisi Waislamu wa Pwani jambo hili twalijua. Mtoto wa chuoni hafundishwi Kurani kwa macho tu. Hukaa mbele ya mwalimu, akasoma kwa sauti, na kila herufi isipotoka mahali pake hurudishwa, hata ulimi ukazoea. Ndiyo sababu mtoto wa Lamu au Mombasa hatatizwi na "th" wala "dh", sauti ambazo Ekegusii haina. Mgusii naye atazipata, ila apate mtu wa kumsikiliza na kumsahihisha.

Basi yafaa vijana wawili watatu wakutane kila jioni. Mmoja awe mtahini, saa iwekwe mezani, na wazungumze juu ya wanayoyajua: mashamba ya chai ya Nyamira, vinyago vya mawe vya Tabaka, wagonjwa wodini. Wasijitie kusemea puani. Mtahini hamtafuti Mwingereza, bali hutaka kumwelewa asemaye.

Wako wasemao kwamba kuhangaikia Kiingereza ni kuzitupa lugha zetu. Sikubaliani nao. Ajuaye kupanga hoja zake kwa Ekegusii au Kiswahili barazani ana akiba kubwa. Lililobaki ni kuizoesha akiba hiyo kwa lugha nyingine.

Nasi tuache kuwacheka wanapokosea. Kijana aliyechekwa hufunga mdomo, na aliyefunga mdomo hajifunzi kusema. Nyuma yake pana wazazi waliouza ng'ombe wapate ada ya mtihani.